Ukurasa upo mtandaoni, mbona Google hauonekani?

Ukurasa umeshapandishwa, kwenye simu unafunguka vizuri, lakini ukiutafuta Google haupo. Swali hili linatufikia mara kwa mara sisi tunaohudumia tovuti za taasisi, na anayeuliza huwa ameshafikiria kulipia matangazo. Asilipe. Tangazo haliuingizi ukurasa kwenye faharasa, yaani orodha ya kurasa ambazo injini imezihifadhi.

Injini ya utafutaji haizunguki mtandaoni pale unapobonyeza kitufe. Inapekua faharasa yake iliyoandaliwa kabla. Ili ukurasa uingie humo, roboti ya injini, yaani programu inayosoma kurasa (ya Google huitwa Googlebot), iujue kwanza, iufikie, iusome, kisha mfumo uamue kuuhifadhi au kuuacha. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua umekwama wapi.

Roboti hugundua kurasa kwa kufuata viungo. Ukurasa usio na kiungo kutoka popote ni yatima. Ramani ya tovuti, yaani faili la XML lenye orodha ya anwani, husaidia. Faili moja hubeba hadi anwani 50,000. Hata hivyo ramani hutoa taarifa tu, haimlazimishi mtu.

Kinachotusumbua zaidi ni faili dogo la robots.txt, linaloziambia roboti zisipite wapi. Andika anwani ya tovuti yako, malizia na /robots.txt, ulisome. Ukikuta chini ya "User-agent: *" (yaani roboti zote) kuna "Disallow: /", huo mkwaju (/) mmoja umezifungia roboti tovuti nzima. Mara nyingi uliwekwa wakati wa ujenzi, tovuti ikazinduliwa, hakuna aliyekumbuka kuutoa.

Alama ya "noindex" ni kitu kingine. Inakaa ndani ya ukurasa na kuiambia injini isiuweke kwenye faharasa. Watu wengi wakitaka kuficha ukurasa huweka vyote viwili, zuio la robots.txt na "noindex", na hapo ndipo wanapokosea: roboti iliyozuiwa mlangoni haiwezi kuisoma "noindex" iliyo ndani, hivyo anwani inaweza kuendelea kutokea kwenye matokeo bila maelezo. Ukitaka ukurasa uondoke, acha roboti iingie isome. Na kama ni siri, weka nywila, robots.txt si kufuli.

Kuna pia ukurasa uliosomwa ukaachwa. Google Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti ambayo ni ya bure, itakuonyesha hali hiyo ukikagua anwani husika. Mara nyingi maandishi ni machache mno, au yanafanana na ya ukurasa mwingine. Hapo usihangaike na mitambo, rudi uandike. Mtu aliyekuja na swali apate jibu kamili.

Injini nyingine kama Bing na Yandex hupokea taarifa za kurasa mpya kupitia IndexNow, njia ya tovuti kuzijulisha injini moja kwa moja iliyoanza 2021, lakini Google haiitumii. Kwa Google, ukishaomba ukurasa uingizwe, subiri. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki, na kurudia ombi lilelile hakuharakishi.