Mbwa ametolewa kizazi: mshono tuutunzeje?

Maswali haya nimeulizwa mara nyingi mlangoni pa kliniki, jike akiwa bado na usingizi wa nusukaputi mikononi mwa mwenyewe. Nayajibu hapa taratibu, kwa sababu pale mlangoni kila mtu ana haraka na nusu ya maneno hupotea njiani.

Usiku wa kwanza atakuwaje?

Atayumba, atatetemeka, pengine atalia kidogo. Mlaze ndani, sakafuni, si juu ya kiti. Mpe maji kidogo kidogo. Akiamka vizuri, mpe posho (ugali) na mukene (dagaa), nusu ya anachozoea. Zikipita saa 24 hajala, mpigie daktari.

Mshono mzuri unaonekanaje?

Mara nyingi upo katikati ya tumbo, chini ya kitovu. Madaktari wengine hupasua ubavuni. Kingo zake zimegusana kama midomo iliyofumbwa. Wekundu kidogo, uvimbe kidogo, na tone la majimaji yenye damu siku ya kwanza au ya pili si vya kutisha. Utazame asubuhi na jioni penye mwanga. Upige picha kwa simu siku ya kwanza, ili siku ya nne uwe na cha kulinganisha.

Nipake nini?

Usipake chochote ambacho daktari hakukupa. Spiriti, majivu, chumvi, dawa ya kuua vijidudu ya nyumbani: vyote huunguza nyama changa inayojaribu kuungana, na mbwa atavilamba. Ngozi ya pembeni ikichafuka, ifute polepole kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa.

Wazee husema mate ya mbwa ni dawa. Si aulambe tu?

Hapana, nakuomba. Mate yana bakteria, ulimi unakwaruza, na meno ya mbele hukata uzi kama mkasi. Jike niliyemtunza nyumbani nilimvua kola ya plastiki, ile ya shingoni inayomzuia kujilamba, ili ale, nikaenda kuepua sufuria. Niliporudi nyuzi tatu zilikuwa zimekatika na mshono umefunguka upana wa kucha yangu. Ikabidi arudi kushonwa upya. Tangu hapo kola haivuliwi nisipokuwa nimekaa pembeni. Akiikataa kabisa, chukua fulana ya mitumba, miguu ya mbele ipite mikononi, kisha uifunge fundo mgongoni ili apate kukojoa bila kuilowesha.

Na nzi?

Hapa kwetu hili ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nzi hutaga kwenye mshono wenye unyevu, na mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja. Yupo pia nzi wa embe, anayetaga kwenye udongo au nguo yenye unyevu. Buu lake hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Kwa hiyo tandiko lifuliwe, likauke kabisa, kisha lipigwe pasi pande zote mbili, hasa mvua za Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Asioge mpaka daktari aruhusu, kwa kawaida baada ya siku 10 hadi 14.

Siku ya tano anaruka kama amepona. Nimfungulie?

Bado. Ngozi hujifunga mapema, lakini chini yake ukuta wa tumbo nao umeshonwa, na huo unachelewa. Mshono huo wa ndani ukiachia, utumbo unaweza kutokeza. Mtoe kwa kamba ajisaidie, mrudishe. Usimfunge getini anakorukia wapita njia. Madume yasimkaribie, hasa kama alikuwa kwenye joto, yaani siku za kutaka dume, maana harufu hubaki kwa siku kadhaa. Nyuzi za nje hutolewa siku ya 10 hadi 14.

Anaonekana kuumwa. Nimpe Panadol?

Usimpe Panadol, ibuprofen wala diclofenac. Dawa hizi za binadamu zinaweza kuharibu ini, figo au tumbo lake, hata kumuua. Mpe ile ya daktari tu, kwa kipimo chake.

Lini nikimbie kwa daktari?

Usisubiri asubuhi ukiona damu inadondoka bila kukoma, tumbo linajaa, au fizi zimepauka. Kitu cha rangi ya waridi kikitokeza kwenye mshono, usikirudishe ndani: kifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu, umzuie kukilamba, mwende. Usaha, harufu mbaya au kutapika mara kwa mara, mpeleke siku hiyohiyo. Kama aliyempasua hapatikani, ulizia daktari wa mifugo wa wilaya yako. Uliza namba yake leo, kabla hujaihitaji.