Anhanguera: soma matundu ya meno kabla ya kishungi

Mtu akishika pua ya terosauri, mtambaazi wa kale aliyeruka, iliyotoka bonde la Araripe, kaskazini-mashariki mwa Brazili, jicho hukimbilia kishungi, yaani ukingo wa mfupa uliosimama juu ya taya. Kinavutia, lakini kinapotosha. Mwaka 2017 watafiti Pinheiro na Rodrigues walionyesha kwamba kishungi cha Anhanguera, mmoja wa terosauri hao, hukua kwa kasi kuliko fuvu lenyewe, kwa hiyo kijana na mzee wa spishi moja wanaweza kuonekana spishi mbili. Baadhi ya majina tuliyorithi yana mashaka kwa sababu hiyo.

Mimi huanza na matundu ya meno. Hesabu yale ya taya la juu kuanzia nchani kurudi nyuma. Tundu la tano na la sita likiwa dogo kuliko la nne na la saba, umo ndani ya familia ya Anhangueridae. Kisha tazama taya kutoka juu: ncha imetanuka kama kijiko, halafu inabanwa pale penye meno hayo madogo. Sasa ndipo uangalie kishungi, tena mahali kinapoanzia, si ukubwa wake. Kwa Anhanguera huanza nyuma kidogo ya ncha. Kwa Coloborhynchus, terosauri mwingine mwenye meno, huanza nchani kabisa, na jozi ya kwanza ya meno hutokea juu ya usawa wa kaakaa, ikitazama mbele. Tropeognathus, terosauri wa tatu, naye ana kishungi cha nchani, ila taya lake halina ule mtanuko.

Kwa nini kung'ang'ania ncha ya taya? Kwa sababu kundi hili lilianza kuainishwa Uingereza katika karne ya 19 kwa vipande vya mifupa kutoka mawe ya Cambridge, vingi vikiwa ncha za taya zilizovunjika na kusagika. Mtaalamu Seeley alitoa jina la terosauri Ornithocheirus mwaka 1869, na kwa miaka mingi likawa kapu la kila kitu chenye meno. Campos na Kellner walipotoa jina Anhanguera blittersdorffi mwaka 1985, walikuwa na fuvu zima mkononi. Visukuku vya Araripe, vya Kretasia ya Awali, hukaa ndani ya vinundu vya chokaa ambavyo mara nyingi huviepusha na kubanwa bapa. Na tafadhali, huyu si dinosauri wala babu wa ndege. Terosauri wana tawi lao wenyewe.

Mwili wake ni wa mnyama aliyejengwa mbele. Mabawa yaliyokunjuliwa hufika mita 4 hadi 5, fuvu lina takriban nusu mita, miguu ya nyuma ni midogo. Utando wa bawa hubebwa na kidole cha nne chenye pingili nne ndefu, na mifupa ina hewa ndani, kuta zake zikiwa nyembamba kiasi cha milimita moja. Kwa mnyama aliyekomaa, pingili za mgongo wa mbele huungana kuwa mfupa mmoja, na bega huegemea hapo. Mwaka 2003 Witmer na wenzake walipiga picha za eksirei za tabaka za fuvu lake: sehemu ya ubongo inayotuliza macho na kichwa ni kubwa isivyo kawaida, na mifereji ya sikio la ndani inaashiria kichwa kilichoinamishwa chini, mkao unaomfaa anayewinda majini.

Meno ni marefu, yamepinda, na ya juu hupishana na ya chini. Hayatafuni wala hayakati. Yanashika kitu kinachoteleza. Samaki kama Vinctifer na Rhacolepis wamejaa katika vinundu vilevile. Ila msimchore akipasua maji kwa taya huku anaruka: vipimo vya Humphries na wenzake, 2007, vilionyesha kwamba ukinzani wa maji ungemgharimu terosauri mkubwa nguvu nyingi mno. Kunyakua samaki karibu na uso wa maji kunaeleweka zaidi.

Kabla ya kuhesabu lolote, hakikisha pua ni ya fuvu hilo. Wachimbaji wa biashara hurefusha vielelezo. Fuvu la dinosauri Irritator, la bonde hilohilo, lilirefushwa pua kabla ya kufika kwa wanasayansi. Picha za tabaka huonyesha lipu na gundi mara moja. Ukitumia asidi ya siki kuondoa chokaa, iwe hafifu, asilimia 5 hadi 10, uongeze fosfeti ya kalsiamu ili isile mfupa. Kila sehemu inayofunuka ipake resini, na suuza kwa muda mrefu kuliko ulivyoloweka. Chumvi zikibaki ndani hukauka na kuwa fuwele, na kingo za matundu ya meno, zilizo nyembamba, ndizo hupasuka mapema.