Rekuru: mwenye lupango anapopinga uamuzi wa komini au wa Urbanisme

Rekuru ni haki ya mtu aliyeguswa na uamuzi wa ofisi ya serikali kuomba uamuzi huo uondolewe au ubadilishwe, kwanza kwa ofisi yenyewe, kisha kwa jaji. Kwa mwenye lupango (kiwanja) wa Lubumbashi, hapa Kongo, mara nyingi habari inaanza na rangi nyekundu. Msalaba umechorwa ukutani, au imeandikwa kazi isimame, na karatasi imeachwa kwa zamu (mlinzi) getini. Majirani wote watakupa shauri lile lile: tafuta mkubwa unayemjua, umpigie simu. Piga ukitaka. Lakini simu haina tarehe wala muhuri, na siku ya kesi haitakusaidia kitu.

Kwanza ujue ni kitu gani unakipinga. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, katika kifungu cha 53, inasema ardhi ni mali ya Serikali peke yake. Wewe unapewa haki ya kuitumia, yaani konsesio, ambayo kwa Mkongomani inaweza kuwa ya kudumu, na ushahidi wake ni sertifika inayotolewa na konservatere, ofisa anayeandikisha hati za ardhi. Watu wengi wakishashika sertifika wanaona safari imekwisha, wanaita mafundi. Sertifika inasema kiwanja ni chako. Haisemi unaweza kujenga nini juu yake. Hilo ni jambo la Urbanisme, yaani ofisi ya mipango ya miji, na permi (kibali) ya kujenga, na msingi wake ni dekreti ya tarehe 20 Juni 1957 kuhusu mipango ya miji. Ndiyo maana mtu mwenye sertifika safi kabisa anaweza kubomolewa nyumba kihalali, kama aliijenga chini ya nyaya kubwa za umeme za SNEL, kando ya reli au kwenye ukingo wa mto. Na kuna upande wa pili: mtu aliyepewa permi halali anaweza kusimamishwa na ofisa asiye na uwezo wa kufanya hivyo. Huyo wa pili ndiye rekuru inamfaa zaidi.

Ukigombana na jirani juu ya mpaka, au kiwanja kimeuziwa watu wawili (ndiyo sababu kuta nyingi za mji wetu zimeandikwa kwamba nyumba haiuzwi), hiyo si rekuru. Ni kesi ya kawaida kati ya watu wawili, na kwa viwanja vya mjini inapelekwa mahakama ya kawaida iitwayo Tribunal de Grande Instance. Rekuru inahitaji uamuzi wa serikali: kunyimwa permi, kusimamishwa kazi, kuamriwa kubomoa, kunyang'anywa kiwanja.

Kwa hiyo swali la kwanza ni: nani amesaini? Kama zamu alipokea karatasi isiyo na jina, namba wala muhuri, au kama kuna rangi tu ukutani, nenda ofisini uombe kopi ya uamuzi wenyewe. Saini ndiyo inayokuonyesha mlango wa kugonga. Bugumestre, yaani mkuu wa komini (sehemu ya mji), wa Kampemba au wa Katuba ana mkubwa wake, ambaye ni meya wa mji. Juu ya meya yuko gavana wa Haut-Katanga. Permi nazo hazisainiwi zote na mtu mmoja: jengo likiwa kubwa, faili linapanda hadi kwa gavana au kwa waziri Kinshasa. Ukimwandikia yule yule aliyesaini ili ajirekebishe, hiyo inaitwa recours gracieux. Ukimwandikia mkubwa wake, ni recours hiérarchique. Ukienda kwa jaji, ni recours contentieux. Tumeacha majina hayo kwa Kifaransa kwa sababu ndivyo utakavyoyakuta kwenye karatasi na kwenye mdomo wa avoka (wakili).

Watu wengi wanapoteza haki yao kwa kutofuata mpangilio. Sheria ya tarehe 15 Oktoba 2016 kuhusu mahakama za utawala, zile zinazohukumu maamuzi ya serikali, haikuruhusu kumkimbilia jaji moja kwa moja ili afute uamuzi. Sharti kwanza upeleke malalamiko kwa mamlaka inayohusika ndani ya miezi 3, kuanzia siku uliyopewa uamuzi au siku ulipotangazwa. Wasipojibu ndani ya muda uliowekwa, kimya chao kinahesabiwa kuwa wamekataa, na hapo unaweza kwenda mahakamani, nako kuna muda wake. Mtu anayezungushwa na «rudi wiki ijayo» mpaka miezi inapita anafika kwa jaji na haki yake yote mkononi, na faili linakataliwa kabla halijasomwa. Kwa maoni yangu, hilo «rudi wiki ijayo» linaumiza watu kuliko buldoza.

Dawa yake ni akize, yaani ushahidi kwamba barua imepokelewa. Chapa barua kopi mbili, nenda nazo sekreteria. Mara nyingi utaambiwa: «Papa, acha hapa, tutakuita.» Usiache. Kopi moja inabaki kwao, ya pili inarudi na wewe ikiwa na muhuri, tarehe, jina la aliyepokea na saini yake. Angalia tarehe ukiwa bado umesimama pale mezani, maana muhuri wa kuzungusha kwa kidole unasahaulika kwenye siku ya jana. Wakikataa kupiga muhuri, tumia posta kwa barua ya rejista, au mpe huisie, ofisa wa mahakama anayefikisha barua, aipeleke. Yeye ataandika kwamba aliifikisha.

Barua yenyewe iwe fupi. Taja namba na tarehe ya uamuzi, nani alisaini, lini ulikufikia, kisha useme unaomba nini: ufutwe, ubadilishwe, au upewe muda wa kurekebisha. Fungia kopi za sertifika, permi, plani na bordero (karatasi) za malipo. Kueleza kwamba una watoto sita na mke mgonjwa si kosa, na kwa recours gracieux pengine kunalainisha moyo. Kwa jaji hakufuti uamuzi.

Jaji yeye anaangalia mambo machache: aliyesaini alikuwa na uwezo huo? Utaratibu ulifuatwa? Sheria imevunjwa? Au ofisa ametumia cheo chake kwa faida nyingine? Uamuzi wa komini au wa mji unaanzia kwenye mahakama ya utawala ya chini, wa gavana kwenye ile ya rufaa, wa waziri kwenye Conseil d'État, mahakama kuu ya utawala, Kinshasa. Mahakama hizo hazikufunguliwa zote siku moja, basi kabla ya kulipa chochote uliza kwenye grefu (ofisi ya mafaili) ya Cour d'appel, mahakama ya rufaa, faili lako linapokelewa wapi.

Na rekuru haisimamishi buldoza. Unaweza kuwa na akize nzuri sana mfukoni, nyumba ikabomolewa asubuhi. Kama kuna haraka, avoka anatakiwa kuomba pia référé-suspension, ambapo jaji anasimamisha utekelezaji kwanza huku kesi yenyewe ikingoja. Hapo usijiendee mwenyewe, tafuta avoka.

Serikali ikitaka kiwanja chako kwa barabara au kwa kazi nyingine ya wote, hiyo ni njia tofauti. Kifungu cha 34 cha Katiba kinataka ulipwe fidia ya haki, tena kabla ya kuondolewa, na sheria ya tarehe 22 Februari 1977 inaeleza utaratibu. Pale unaweza kubishana juu ya kiasi hata kama hupingi barabara.

Nyumba ikishaanguka, piga picha za kila chumba kilichobaki, ita huisie aandike alichokiona siku ile ile, tunza risiti za saruji na mabati. Jaji akifuta uamuzi, hakurudishii ukuta, ila hasara inaweza kudaiwa. Na pale ambapo hakuna mahakama nyingine yenye uwezo, kifungu cha 155 cha Katiba kinairuhusu Conseil d'État kupokea madai ya fidia kwa hasara isiyo ya kawaida iliyoletwa na hatua ya serikali.