Kiwavi Hayeyuki Akawa Mchuzi

Nimeletewa tena muswada ambamo kijana wa sayari ya mbali, anapofikia umri wa kubalehe, hujifungia ndani ya ganda, huyeyuka mwili mzima, kisha huibuka mtu mzima asiyemkumbuka hata mama yake. Mwandishi anaeleza kwamba ameiga maumbile ya kipepeo. Maelezo hayo nimeyasoma mara nyingi mno, na safari hii nayajibu kwa kirefu, kwa kuwa kipepeo hafanyi hivyo.

Najua imani hiyo inakotoka. Ukimpasua pupa (mdudu aliye ndani ya ganda, kati ya kiwavi na kipepeo) wa siku mbili tatu, uji mzito huchuruzika, na jicho husadiki kwamba hakuna kilichosalia. Uji huo kwa sehemu kubwa ni damu ya mdudu na seli za mafuta zilizoachana. Ukiutazama vizuri kwa hadubini, utaiona mirija ya hewa iking'aa katikati yake kama nyuzi za fedha, ikiwa mizima. Zaidi ya hayo, kabla hujashika wembe, litazame ganda lenyewe: mara tu kiwavi anapojivua ngozi yake ya mwisho, mabawa, miguu na vipapasio huwa vimekwisha kujichora juu ya pupa. Je, vingejichora vipi ikiwa huundwa tu baada ya mwili kuyeyuka? Visahani vya seli vinavyozaa mabawa hayo vilikuwamo ndani ya kiwavi tangu alipokuwa akitafuna majani.

Nakiri kwamba kwa nzi hali ni kali zaidi, maana sehemu kubwa ya misuli na ngozi ya buu hubomolewa kweli. Lakini hata huko visahani hubaki, na neva nyingi hudumu zikiunganishwa upya.

Kuhusu kumbukumbu, ambako ndiko waandishi wanakoniudhi zaidi, lipo jaribio lililochapishwa mwaka 2008. Viwavi wa nondo aitwaye Manduca sexta walifunzwa kuichukia harufu fulani kwa kupigwa shoti ya umeme kila waliponusishwa, na walipokuwa nondo wenye mabawa wengi wao waliendelea kuikwepa. Hata hivyo, waliofunzwa katika hatua ya tano ya ukuaji wa kiwavi (kila hatua huishia kwa kujivua ngozi), iliyo ya mwisho, ndio waliokumbuka, ilhali waliofunzwa katika hatua ya tatu walisahau. Huenda seli za ubongo zinazoundwa mwishoni ndizo zinazovuka salama, ingawa mimi mwenyewe nasita kuliita jambo hilo limethibitika. Tena kuikwepa harufu si sawa na kumjua mama. Kwa hiyo kijana wako anaweza kusahau utoto wake wa mapema na bado akaogopa kilichomuumiza mwaka jana, na hilo lina uchungu kuliko usahaulifu mtupu.

Homoni nitazigusa tu: ekidisoni huamuru kujivua, na homoni ya uchanga ikipungua, kujivua huko huleta pupa badala ya kiwavi mkubwa zaidi. Kukua na kukomaa ni mambo mawili, kama mwanasayansi Gudernatsch alivyoonyesha mwaka 1912 alipowalisha viluwiluwi tezi ya thairoidi ya farasi, tezi ya shingoni itoayo homoni: waligeuka vyura upesi, miguu na yote, wakiwa vijichura vidogo mno kwa sababu hawakupata muda wa kukua.