Mlo wa samaki wa maabara: dhana potofu na ukweli

Samaki pundamilia, Danio rerio kwa jina la kisayansi, ni mdogo kuliko kidole, na asili yake ni vijito na mashamba ya mpunga ya Asia Kusini. Tafiti nyingi za maradhi ya binadamu leo zinamtegemea, kwa hiyo anachokula si jambo dogo.

Dhana: Chakula ni chakula, almuradi samaki washibe.

Ukweli: Maabara moja huwapa artemia hai (vijidudu vya majini jamii ya kamba), nyingine punje kavu za kiwandani, nyingine hujichanganyia yenyewe. Mlo mmoja uliokubalika kote haupo. Kila mlo una kiwango chake cha protini na mafuta, na kinachofika utumboni hustawisha bakteria hawa na kuwafifisha wale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, walilinganisha milo mitatu inayotumika sana, kisha wakawaambukiza baadhi ya samaki bakteria Mycobacterium chelonae. Bakteria wa utumbo walitofautiana kufuatana na mlo, na hata jinsi walivyobadilika baada ya maambukizi ilitegemea samaki kalishwa nini. Basi maabara mbili zaweza kupingana juu ya jambo lilelile, kumbe tofauti imo kwenye kopo la chakula ambalo ripoti haikulitaja. Hilo linaniuma, maana samaki wamekufa na jibu halikupatikana.

Dhana: Maradhi huingilia kwenye kidonda, chakula hakihusiki.

Ukweli: Samaki huyu hana tumbo lenye asidi; akimeza, kitu huangukia utumboni moja kwa moja. Kwa bakteria wa jamii ya Mycobacterium, utumbo ndiyo njia kuu ya kuingilia. Chakula hai chaweza kuwabeba, na mzoga wa samaki mgonjwa ukiachwa majini, wenzake humla.

Dhana: Anayeogelea vizuri ni mzima.

Ukweli: Mycobacterium chelonae, bakteria tuliyemtaja juu, hukaa mwilini kimya, mara nyingi bila dalili yoyote.

Dhana: Mlo huamua kila kitu utumboni.

Ukweli: Hapana. Mwaka 2006 bakteria wa utumbo wa panya walipandikizwa kwenye samaki waliolelewa bila vijidudu. Wakashika, lakini uwiano wao ukageuka, ukaelekea ule wa utumbo wa samaki. Mwenye nyumba naye huchagua wageni wake, hata chakula kiwe kipi.