Sitiari katika unasihi wa kikundi

Sitiari, katika unasihi wa kikundi, yaani ushauri nasaha unaotolewa kwa watu kadhaa wakiwa pamoja, ni taswira ambayo mwanafunzi huitumia kueleza hali yake pale ambapo kuieleza waziwazi kunamwia vigumu, na ambayo wenzake wanaweza kuizungumzia pamoja naye. Kazi yake si kupamba lugha, bali kuliweka tatizo mbele ya kikundi ili lijadiliwe pasipo mwenye tatizo kujiona ameshtakiwa.

Tuchukue mfano wa shule ya sekondari ya Tanga, ambapo mwalimu wa unasihi ameketi na wanafunzi wachache wa kidato cha kwanza ambao alama zao zimeshuka tangu masomo yalipoanza kufundishwa kwa Kiingereza. Akimwuliza mmoja wao kwa nini hafanyi vizuri, huenda asijibiwe neno. Lakini mwanafunzi huyo huyo anaweza kusema, "Mimi ni ngalawa iliyopwelewa," na hapo mazungumzo yakafunguka, kwa kuwa waliokulia Sahare au Tongoni, kwenye pwani ya Tanga, wanajua kwamba ngalawa iliyopwelewa si mbovu. Inasubiri maji yajae, na inahitaji watu wa kuisukuma. Mwalimu huuliza akiwa ndani ya taswira hiyo hiyo: ngalawa iko kwenye mchanga au imepanda mwamba? Nani wamo ndani? Mwingine akijibu kwamba yake imetoboka, mwalimu makini hutambua tofauti kubwa. Wa kwanza pengine anahitaji muda na msaada wa lugha, ilhali wa pili huenda ana jambo la nyumbani ambalo masomo ya ziada hayataliponya.

Faida ya kikundi hujitokeza hapa. Irvin Yalom, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani aliyeandika sana juu ya tiba ya kikundi, alihesabu miongoni mwa nguvu zake ule utambuzi wa mtu kwamba hayuko peke yake katika shida yake. Michael White wa Australia na David Epston wa New Zealand, waanzilishi wa tiba ya masimulizi, nao walisisitiza kumtenganisha mtu na tatizo lake, na sitiari hulifanya hilo kwa wepesi: kilichokwama ni ngalawa, na kikundi kizima kinaweza kujadili namna ya kuinasua.

Ninaloliona kuwa la msingi kuliko yote ni kwamba taswira itoke kwa mwanafunzi mwenyewe. Mwalimu anayekuja na sitiari yake tayari, kisha akaifafanua hadi mwisho, ametoa mawaidha, na mawaidha watoto hawa wameyasikia ya kutosha. Vilevile asiharakishe kuifasiri kauli ya mtoto mbele ya wenzake, maana kinga ya fumbo ni kwamba msemaji ndiye anayeamua lifumbuliwe kwa kiasi gani. Hata hivyo, taswira ikiashiria kipigo, njaa au unyanyasaji, mwalimu hana budi kumwita mwanafunzi faraghani baada ya kikao, kumwuliza kwa maneno ya wazi, na kuanza taratibu za kumlinda.