Je, wajua kwa nini sufle hutaka kikombe chenye ukuta ulionyooka?

Sufle ni chakula cha mayai cha Kifaransa, na jina lenyewe limetokana na neno la kupuliza. Ute hupigwa mpaka uwe povu, ukachanganywa taratibu na rojo la viini, maziwa na unga, kisha oveni. Mara ya kwanza niliipika hapa Kirumba, Mwanza, kwenye bakuli la mboga, lile lenye mdomo mpana. Ilivimba kidogo tu, ikatanda, kingo zikaungua na katikati bado uji.

Mayai hayakuwa na kosa. Joto likiingia, hewa iliyo kwenye vipovu hutanuka, na maji yaliyomo hugeuka mvuke unaovijaza zaidi. Ukuta ukiwa umenyooka, mchanganyiko hauna pa kwenda ila juu. Bakuli likiwa limetanuka, huenda pembeni, kingo zinakuwa nyembamba na kukauka mapema. Ndiyo maana chombo cha sufle kina umbo la ngoma fupi.

Kwa kila mlaji na chake, tafuta vibakuli vya kauri vya mililita 150 hadi 200. Kwa nyuzi 190 huiva kwa dakika 12 hadi 15 hivi, wakati chombo kikubwa cha lita moja na nusu huweza kukaa zaidi ya nusu saa, na wewe ukichungulia kioo cha oveni kwa wasiwasi. Usipopata kauri, kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu kinafaa kabisa, ila bati hupata moto upesi, kwa hiyo anza kuangalia mapema. Bilauri ya kunywea maji usiithubutu. Joto la ghafla huipasua.

Paka siagi ndani mpaka ukingoni, unyunyizie sukari, au jibini iliyokunwa kama sufle ni ya sangara. Sehemu iliyosahaulika mchanganyiko hugandia, nao huinuka kombo kama kofia iliyovaliwa vibaya. Ukishajaza, zungusha kidole gumba kwenye ukingo kuacha mfereji mwembamba. Kofia itapanda wima.

Sisi wa kanda ya ziwa tuna jambo letu pia. Uso wa Ziwa Victoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni mdogo kuliko Dar es Salaam, na vipovu hutanuka kwa urahisi zaidi. Ute ukipigwa hadi ukauke, vipovu hupasuka. Mimi huacha ncha yake ikiwa bado inainama.

Wageni mimi huwaketisha mezani zikibaki dakika mbili. Ikitoka tu, mvuke hupoa na sufle huanza kunywea, hata kabla hujapata kijiko.